Dohani inarudisha moshi na fundi anadai salio: jibu kwa mwalimu wa Ilboru

Swali: Mimi ni mwalimu mstaafu, ninaishi Ilboru, Arusha. Mwezi Machi nilimpa fundi kazi ya kujenga meko ya kuotea moto sebuleni pamoja na dohani ya kupita kwenye bati, vifaa na ufundi vyote vikiwa juu yake, kwa shilingi 3,200,000. Nimeshamlipa 2,400,000 kwa M-Pesa. Alimaliza mwanzoni mwa Mei. Tangu hapo kila nikiwasha moto moshi unarudi sebuleni, na mvua za mwisho za masika zilivuja pembeni mwa dohani mpaka jipsamu ikaota madoa. Fundi anasema kuni zangu ni mbichi, na kwamba mimi ndiye niliyemzuia kuipandisha dohani. Anadai 800,000 yake. Fundi wa pili ameniambia nivunje yote, naye atajenga upya kwa 2,900,000. Hatukuandikiana mkataba, ila jumbe za WhatsApp zipo. Ngazi na grenda yake nimezizuia. Je, nimlipe? Nivunje? Niende polisi?

Jibu: Mwalimu, shikamoo. Kazi yangu ni ukadiriaji majenzi, na sehemu kubwa ya muda wangu huishia katika migogoro ya namna hii, kuanzia Usa River hadi vijiji vya juu vya Marangu. Picha, vipimo na jumbe ulizoniletea nimezipitia zote. Kwa maswali yako matatu, jibu langu kwa sasa ni hapana, hapana na hapana. Usimlipe bado, lakini pia usimwambie kwamba hutamlipa. Usivunje hata tofali moja. Polisi waache kwanza. Na kabla ya hayo yote, usiwashe tena moto katika meko hayo mpaka jambo moja litazamwe.

Jambo lenyewe ni mbao. Mwombe mtu mwenye tochi apande darini, atazame mahali dohani inapopita kati ya kenchi na papi, yaani mbao zinazobeba bati. Kati ya matofali ya dohani na mbao yoyote inatakiwa ibaki nafasi ya sentimita 5 hivi, kwa sababu mbao inayopata joto kila jioni hukauka na kuungua polepole kwa miezi mingi bila kuonyesha mwali, kisha siku moja hushika moto kwa joto ambalo mwanzoni lisingeidhuru. Ukikuta papi imeegemea matofali au imejengewa ndani yake, usiwashe moto hata wa majaribio. Pili, moshi unaorudi ndani haukuletei macho mekundu tu. Huja pamoja na gesi ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu, ambayo ndiyo huwaua watu waliolala na jiko la mkaa chumbani wakati wa baridi ya Juni na Julai. Najua baridi ya Ilboru. Vumilia kwa blanketi mwaka huu.

Sasa tuje kwenye moshi, kwa kuwa hapo ndipo ilipo kesi yako. Moshi hupanda kwa sababu hewa ya moto ni nyepesi kuliko hewa ya nje. Nguvu ya mvuto huo hutegemea urefu wa dohani na tofauti ya joto kati ya ndani na nje, na kiasi cha moshi kinachoweza kupita hutegemea upana wa tundu la dohani. Waashi wa meko wana kanuni ya zamani inayolinganisha tundu na mdomo wa meko: tundu la mraba lisipungue sehemu moja ya kumi ya eneo la mdomo, na la mviringo, ambalo hupitisha moshi kwa urahisi zaidi, lisipungue sehemu moja ya kumi na mbili. Mdomo wa meko yako una upana wa sentimita 90 na kimo cha sentimita 75, yaani sentimita za mraba 6,750. Bomba la chuma ambalo fundi amelipitisha ndani ya matofali lina kipenyo cha sentimita 20, ambacho hutoa eneo la sentimita za mraba 314 hivi. Meko ya ukubwa huo yalihitaji bomba lenye kipenyo cha sentimita 27 hivi. Ulichopewa hakifiki hata sehemu moja ya ishirini na moja ya mdomo. Hata ukichoma kuni zilizokaa miaka miwili chini ya bati, sehemu ya moshi itarudi sebuleni, kwa sababu njia ya kupitia haitoshi.

Kuhusu kuni, fundi hajasema uongo mtupu. Kuni mbichi hupoteza nguvu za moto katika kukausha maji yake, hupoza dohani, na huacha ndani ya bomba masizi yenye utomvu mweusi ambao siku moja unaweza kushika moto humo humo ndani. Ukinunua kuni za mgrevilea zilizokatwa wiki iliyopita, unajitafutia taabu. Lakini kuni mbichi haziwezi kulifanya bomba la sentimita 20 liwe dogo zaidi ya lilivyo, na anayetaka kulisukumia tatizo lote huko aeleze kwanza hesabu ya bomba hilo.

Urefu ni habari nyingine, na hapa, Mwalimu, itabidi unisamehe. Kanuni inayofuatwa sana Marekani, na ambayo mafundi wengi wa kwingineko wameichukua, inataka ncha ya dohani iwe juu ya mahali inapotokea kwenye bati kwa sentimita 90 angalau, na tena izidi kwa sentimita 60 kitu chochote kilicho ndani ya mita 3 kutoka hapo. Kwa vipimo vyako, kofia ya paa, yaani ukingo wake wa juu kabisa, iko umbali wa mita 2 kutoka kwenye dohani, na iko juu kwa sentimita 80 kuliko pale dohani inapotokea. Kwa hiyo dohani ilitakiwa isimame sentimita 140 juu ya bati. Iliyopo ina sentimita 40. Upungufu ni mita nzima. Upepo unaovuka kofia ya paa hushuka upande wa pili na kuusukuma moshi urudi chini, na kwenye miteremko ya Meru hali huwa mbaya zaidi usiku, wakati hewa baridi ya mlimani inapoteremka kuelekea mjini, saa zilezile ambazo watu huwasha moto.

Ujumbe wako wa Aprili ninao hapa: "Usiipandishe sana, itaonekana kama kiwanda." Naye akajibu: "Sawa mama, hata hapo itatoa moshi vizuri tu." Maneno haya mawili yana uzito kuliko yote mliyoandikiana, nayo yanawabana nyote wawili. Wewe uliomba ifupishwe. Yeye, ambaye ndiye mwenye ujuzi na ndiye anayelipwa kwa ujuzi huo, hakukuonya, alikuhakikishia. Angekuandikia kwamba ikifupishwa moshi utarudi, nawe ukasisitiza, ningekwambia ubebe lawama ya urefu peke yako. Kwa yalivyo sasa, naona sehemu kubwa ni yake, ila siyo yote, na hakimu yeyote atakayesoma ujumbe wako atakuuliza ulitarajia nini. Afadhali uulizwe na mimi kwanza.

Liko jambo la tatu ambalo si lake wala si lako. Nyumba yako ina madirisha ya alumini yanayofunga vizuri. Moto unahitaji hewa ya kuingia sawasawa na ile inayotoka, na sebule iliyozibwa kila upande huivuta hewa hiyo kupitia dohani yenyewe, kutoka juu kuja chini. Mbao zikishathibitika kuwa mbali na dohani, fanya jaribio fupi mchana, mkiwa watu wawili, kwa kuni chache zilizokauka kabisa. Kwanza washa madirisha yakiwa yamefungwa, kisha fungua dirisha moja kwa upana wa vidole vitatu. Moshi ukikoma, umepata sehemu ya jibu. Usipokoma, chukua kipande cha bati bapa, ukishikilie juu ya mdomo wa meko kwa glavu, na kukishusha kidogo kidogo mpaka moshi uache kutoka. Pima kimo kilichobaki wazi. Kipimo hicho kinaweza kukuokolea mamilioni, kwa sababu wakati mwingine meko yaliyojengwa vibaya hayahitaji kuvunjwa. Yanahitaji kupunguzwa mdomo. Kwa bomba la sentimita 20, mdomo wa sentimita 70 kwa 50 una eneo la sentimita za mraba 3,500, ambalo ni chini ya mara kumi na mbili ya tundu. Mstari mmoja wa matofali kila upande na kizingiti kilichoshushwa vinaweza kufikisha hapo, na ukiongeza ile mita moja juu ya paa, sioni sababu ya meko hayo kutofanya kazi. Yatakuwa madogo kuliko uliyoyataka, na hilo nalo lina bei yake katika madai yako.

Uvujaji hauna mjadala mrefu. Katika picha yako ya juu ya paa naona silikoni imepakwa pale bati linapokutana na matofali, na hakuna kingine. Silikoni iliyopakwa juu ya lipu hubanduka baada ya jua la miezi michache. Kazi inayokubalika ni kukata mfereji mdogo ndani ya tofali, kuingiza humo ukingo wa bati bapa lililokunjwa, kuziba kwa saruji, na kulilaza bati hilo juu ya migongo ya bati la paa ili maji yapite juu yake bila kuingia chini yake. Upande wa juu wa dohani, ambako maji ya paa zima hugonga na kusimama, hujengwa kituta kidogo cha bati cha kuyagawa kushoto na kulia. Hayo hayakufanyika, wewe hukuzuia yafanyike, na kuni hazihusiki. Uvujaji pamoja na madoa ya jipsamu ni juu ya fundi moja kwa moja. Upate matengenezo kabla ya vuli ya Oktoba, kwa namna yoyote mtakayokubaliana.

Kuhusu kutokuwa na mkataba wa maandishi, usijihesabu umeshindwa. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, katika kifungu cha 10, inayatambua makubaliano ya watu wenye uwezo wa kuingia mkataba, walioridhiana kwa hiari na kwa malipo halali, na maandishi hayahitajiki isipokuwa pale sheria nyingine inapoyataka. Jumbe za WhatsApp pia zinatambuliwa kuwa ushahidi, tangu ilipotungwa Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015. Zichapishe zote kwa mfululizo, zikiwamo zile zinazokuumiza wewe, kwa sababu fundi naye ana simu. Simu yako usiibadilishe wala usifute kitu. Taarifa ya miamala ya M-Pesa nayo ichukue mapema.

Kifungu cha 73 cha sheria hiyohiyo ndicho kinachosema mtu aliyevunjiwa mkataba alipwe nini. Hulipwa hasara iliyotokana na uvunjaji huo katika mwenendo wa kawaida wa mambo, au ile ambayo pande zote mbili zilijua tangu mwanzo kwamba ingeweza kutokea. Hasara ya mbali haimo. Tena katika kukadiria hasara huangaliwa njia zilizokuwapo za kuondoa usumbufu huo. Maana yake kwako ni kwamba ile 2,900,000 ya fundi wa pili siyo kipimo cha madai yako, ikiwa kasoro zinaweza kurekebishwa kwa fedha pungufu. Sitaki kumsema vibaya mtu nisiyemjua, lakini fundi anayeitwa kutazama kazi ya mwenzake na akasema "vunja yote" bila kupima tundu wala kupanda paani, ametoa bei ya kazi anayoitaka yeye. Omba makadirio mawili ya maandishi, kila moja likitenganisha mambo matatu: kuziba maungio ya paa na kubadilisha jipsamu, kupunguza mdomo wa meko, na kupandisha dohani. Ukiweza kumpata mhandisi au mwalimu wa ujenzi, kwa mfano kutoka Chuo cha Ufundi Arusha au VETA, atazame kwa malipo na akuandikie ukurasa mmoja wenye vipimo na sahihi, ukurasa huo utakufaa kuliko maneno ya mafundi kumi wanaoitaka kazi.

Kutenganisha huko kuna sababu. Tuseme, kwa mfano tu, maungio na jipsamu ni 350,000, mdomo ni 200,000, na kupandisha dohani ni 400,000. Mbili za kwanza unaweza kuzikata zote katika salio. Ya tatu huwezi kuikata yote, kwa sababu matofali na saruji ya ile mita moja ungeyalipia hata kama dohani ingejengwa ndefu tangu Machi. Unachoweza kudai humo ni gharama ya kurudia kazi: ngazi na majukwaa upya, kutoa kofia ya dohani na kuirudisha, na siku za saidia fundi. Kwa hesabu ya namna hiyo fundi anaweza kubaki akikudai kiasi kidogo. Hilo nalo ulipokee.

Kwa nini nakukataza kuvunja? Niliwahi kuitwa Kibosho, nyumba ambayo mwenyewe alikwisha kuchoka na moshi akaiangusha dohani kabla sijafika. Nilikuta kifusi. Mwenye nyumba alisema ilikuwa na mita moja juu ya bati, fundi akasema mita mbili, saidia fundi akasema hakumbuki, na picha pekee iliyokuwapo ilikuwa ya watoto siku ya kipaimara, dohani ikionekana nusu nyuma yao. Alilipa salio lote, na akalipa tena kujenga upya. Dohani yako ikiwa bado imesimama, inaweza kupimwa na mtu yeyote atakayetumwa, awe wa kwako, wa fundi au wa mahakama.

Hatua inayofuata ni barua, siyo simu, kwa kuwa kwa simu mtaishia kupandishiana sauti. Iwe fupi. Taja tarehe na kiasi cha makubaliano, kiasi ulicholipa, kasoro mbili pamoja na vipimo vyake, kisha umwambie kwamba unampa siku 14 aje atazame na arekebishe kwa gharama yake yale yaliyo juu yake, na kwamba salio la 800,000 unalo na litahesabiwa kazi itakapokuwa sawa. Usimwite mwizi wala mbabaishaji humo. Mpelekee nakala mkononi mbele ya shahidi, asaini kuipokea, na nyingine uitume kwa WhatsApp. Akikubali kuja, andikeni makubaliano mapya ya marekebisho mbele ya mwenyekiti wa mtaa au wa kijiji, yakionyesha nani ananunua bati, dohani itafika kimo gani, na salio litalipwa lini baada ya jaribio la moto. Uzoefu wangu ni kwamba mafundi wengi hurudi wakiandikiwa hivyo, kwa sababu wanaishi kwa jina lao mtaani, na jina hilo hulindwa kwa urahisi zaidi kwa magunia mawili ya saruji kuliko kwa kesi.

Asiporudi baada ya siku hizo, unaweza kumpa kazi ya kurekebisha fundi mwingine, baada ya kupiga picha na kupima kila kitu, na kutunza kila risiti. Madai ya kiasi hiki yanafunguliwa Mahakama ya Mwanzo ya eneo lenu, kwa Kiswahili, bila kukulazimu kuwa na wakili. Ukomo wa madai ya mkataba ni miaka 6, lakini usiutegemee. Miaka mitatu ikipita lipu itakuwa imepigwa rangi na mashahidi wamehama. Ikiwa fundi alikuonyesha cheti cha Bodi ya Usajili wa Makandarasi, unaweza pia kupeleka malalamiko huko, kwa kuwa Bodi ina mamlaka ya nidhamu juu ya waliosajiliwa. Mafundi wengi wa mtaani hawamo katika orodha yake, na kwa hao njia hiyo haifiki popote.

Polisi hushughulikia jinai. Kujipatia fedha kwa udanganyifu ni kosa chini ya Kanuni ya Adhabu, lakini huhitaji kauli ya uongo juu ya jambo lililopo au lililokwisha kuwapo, ambayo msemaji anaijua kuwa ya uongo, kwa mfano mtu anayekuonyesha cheti cha kughushi. Fundi aliyenunua matofali, akajenga wiki saba na akakosea kipimo cha bomba, amefanya kazi mbovu tu. Ukimpeleka kituoni utapoteza siku, naye atapata sababu ya kutokurudi.

Imebaki ngazi na grenda. Huna haki ya kuzishikilia kama dhamana ya deni ambalo bado halijathibitishwa, na kila siku zinapokaa stoo kwako anaweza kudai kwamba unamzuia kufanya kazi kwingine, kisha dai lake likawekwa kwenye mizani pamoja na lako. Zirudishe wiki hii hii, grenda kwanza, kwa maandishi, mbele ya yule shahidi wa barua. Ngazi unaweza kumwambia aifuate mwenyewe, maana ataihitaji hapohapo kupanda kuitazama dohani.